Dadu Irushwe Lini? Namna ya Kupatanisha Sheria na Simulizi Mezani

Ugomvi wa sheria na simulizi huzuka karibu kwenye kila meza inayocheza michezo ya kuigiza wahusika, ile ambayo watu hutunga hadithi pamoja kwa mdomo na dadu huamua mambo yenye shaka, na huja kwa sura mbili. Kuna meza ambayo mhusika ananing'inia ukingoni mwa paa, kila mtu amekaza macho, mara mmoja anafungua kitabu na mchezo unasimama huku watu wakibishana juu ya aya moja. Na kuna meza ambayo mwendesha mchezo ameipenda hadithi yake kupita kiasi: dadu ikitoa namba asiyoitaka anaipuuza, na wachezaji taratibu wanagundua kwamba wanachokifanya hakibadilishi chochote. Meza ya kwanza inachosha. Ya pili ni mbaya zaidi, kwa sababu watu wanaacha kujali.

Msimamo wangu ni kwamba ugomvi huu humalizwa kabla dadu haijarushwa. Mwendesha mchezo anayejua kwa nini anaomba dadu, na ambaye ameshasema kitakachotokea ikifaulu na kitakachotokea ikikosa, halazimiki baadaye kuchagua kati ya kitabu na hadithi.

Mwongozo huu ni wa huyo mwendesha mchezo, yule anayeshika ulimwengu mzima huku wenzake kila mmoja akishika mhusika wake. Mifano mingi nimeitoa kwenye Dungeons & Dragons, toleo la tano la mwaka 2014, kwa kuwa ndiko wengi walikoanzia. Sheria zake za msingi, kwa Kiingereza, zinapatikana bure na kihalali tangu Januari 2023 chini ya leseni ya Creative Commons.

Hatua ya 1: Chagua mchezo unaolipa kile mnachotaka kufanya

Sheria zenyewe hutunga hadithi. Katika Dungeons & Dragons ya kwanza kabisa, ile ya Gary Gygax na Dave Arneson ya mwaka 1974, mhusika alipanda ngazi zaidi kwa hazina aliyofanikiwa kuitoa shimoni kuliko kwa maadui aliowaua. Kwa hiyo wachezaji werevu walinyata, walidanganya, walihonga, na mambo yakiwa magumu walikimbia. Matoleo ya baadaye yakahamishia uzito wa malipo kwenye kuwashinda maadui, na mapigano yakawa ndiyo njia ya kawaida ya kusonga mbele. Hakuna aliyewaambia wachezaji wabadili aina ya hadithi. Kilichobadilika ni malipo.

Basi ulizaneni mapema mnatafuta nini. Mkitaka mapigano ya kupangwa hatua kwa hatua, na mashujaa wanaokua, toleo la 2014 linafaa. Mkitaka hofu na uchunguzi, Call of Cthulhu, ambayo ipo tangu 1981, imejengwa kwa ajili hiyo: wahusika ni watu wa kawaida na akili zao huyumba kadiri wanavyojua mengi. Mkitaka tamaa, usaliti na mahusiano yanayowaka moto, tazameni Apocalypse World ya Vincent na Meguey Baker ya mwaka 2010. Unaweza kulazimisha mchezo wa mapanga uwe kesi ya mahakamani, lakini kazi yote utaibeba kwa mdomo wako, kwa sababu kurasa zake nyingi zinazungumzia mapanga.

Hatua ya 2: Kaeni kikao cha makubaliano kabla ya kikao cha kwanza

Hiki hakihitaji muda mrefu. Kubalianeni kama mhusika anaweza kufa, na kama anaweza kufa kwa bahati mbaya tu ya dadu. Kubalianeni kama dadu zitarushwa hadharani. Kila mtu ataje jambo asilotaka kabisa liguswe mezani, na lisiguswe, wala asidaiwe sababu. Mwisho, kubalianeni nani anakata shauri sheria ikileta ubishi katikati ya mchezo. Kwa kawaida ni mwendesha mchezo, ila lisemwe wazi, lisichukuliwe tu kuwa linajulikana.

Kuhusu vifaa: dadu za pande 20 hazipatikani kila duka. Programu ya simu inatosha. Pasipo hiyo, andika namba 1 hadi 20 kwenye vikaratasi vya ukubwa mmoja, vikunje, vitie kwenye kofia, na kila mtu achote. Kikaratasi kilichochotwa kirudishwe na kofia itikiswe upya kabla ya mwingine kuchota. Kikibaki nje, uwezekano wa kila namba unabadilika na hesabu zote nitakazozitaja hapa zinavurugika.

Hatua ya 3: Kabla ya kuomba dadu, pitia maswali matatu

Hapa ndipo uzito wa mwongozo wote ulipo, kwa hiyo twende polepole.

Swali la kwanza: jambo hili linawezekana? Mchezaji akisema anaruka mto wa mita mia kwa miguu yake, jibu ni hapana, na hakuna haja ya dadu. Ukimpa dadu kwa kumwonea haya, akapata 20, utabaki umenasa.

Swali la pili: kuna shaka ya kweli? Askari mwenye nguvu anavunja kiti cha mbao akiwa peke yake chumbani. Kimevunjika. Endelea.

Swali la tatu ndilo linalosahaulika: kukosa kutaleta jambo la maana? Kama jibu la kukosa ni "hakuna kinachotokea, jaribu tena", basi dadu hiyo haina kazi. Watu watarusha mpaka ifaulu, na mtakuwa mmepoteza muda wa simulizi kwa jina la sheria.

Tuangalie kufuli moja. Mwizi wa kundi yuko mbele ya ghala la mfanyabiashara, usiku, ana vifaa vyake vya kufungulia. Kama hakuna mtu karibu na ana usiku mzima, mlango umefunguka. Sema hivyo kwa sentensi moja na uwapeleke ndani, kwani hadithi iko ndani. Lakini kama mwanga wa taa ya mlinzi umeanza kuonekana kwenye kona, kufuli lilelile sasa linastahili dadu, kwa sababu muda ni mdogo na kukosa kuna gharama.

Sasa sema dau kwa sauti, kabla hajarusha: "Ukipata 15 au zaidi, dadu pamoja na nyongeza ya ujuzi wako, mmeshaingia na mlango umefungwa nyuma yenu kabla mlinzi hajazunguka kona. Ukikosa, mlango utafunguka pia, ila atakuwa ameona kisigino cha wa mwisho wenu. Unarusha, au unafanya kitu kingine?"

Sentensi hiyo inafanya mengi kwa pamoja. Inampa mchezaji nafasi ya kughairi, na akiamua kurusha, ameamua akijua. Inakulazimisha wewe kufikiria pande zote mbili mapema, hivyo namba ikitoka mdomo wako hautasita. Na inawafanya wenzake wainame mezani kuangalia, kwa kuwa wote wanajua kinachogombaniwa. Mwizi wa ngazi ya kwanza kwa kawaida anaweza kuwa na nyongeza ya 5 kwenye kazi hii, yaani anahitaji 10 au zaidi kwenye dadu: asilimia 55. Ni karibu nusu kwa nusu. Hiyo ni shaka inayofaa kusimulia.

Nakushauri utaje dau kila mara katika vikao vya mwanzo hata kama linaonekana kupunguza mshtuko. Mshtuko wa kweli unatoka kwenye namba.

Hatua ya 4: Panga ugumu haraka, na uache simulizi ibadilishe hesabu

Usikae ukitafakari kama ugumu, yaani namba ambayo dadu na nyongeza lazima ziifikie, ni 13 au 14. Tumia 10 kwa jambo jepesi, 15 kwa la wastani, 20 kwa gumu. Inatosha kwa karibu kila kitu.

Daraja lenye thamani zaidi kati ya sheria na simulizi katika toleo hili ni kanuni ya dadu mbili: mazingira yakimfaa mhusika, anarusha dadu mbili za pande 20 na kuchukua iliyo kubwa, yakimbana, anachukua iliyo ndogo. Hutakiwi kuzilimbikiza, mbili zinatosha hata sababu zikiwa tano.

Tuseme kundi linataka kupitishwa langoni usiku na mlinzi ni mzee. Mchezaji mmoja anasema, "Namshawishi," na kunyamaza. Ana nyongeza ya 2, ugumu ni 15, kwa hiyo anahitaji 13 au zaidi: asilimia 40. Mwingine, mwenye namba zilezile, anaingia kwenye mhusika: "Shikamoo mzee. Pole na baridi. Nimepita na kahawa, ikiwa bado moto, karibu." Mlinzi anajibu marahaba, anapokea kikombe, na anauliza kijana anatoka wapi usiku huu. Mchezaji anamtajia mwanawe wa kiume waliyekutana naye kikao kilichopita. Hapo mpe dadu mbili. Asilimia 40 imekuwa 64, na imepanda kwa sababu ya jambo lililosemwa mezani. Simulizi imeingia kwenye hesabu, na mchezaji anaona kwa macho yake kwamba kukumbuka jina la mtoto wa mlinzi kuna faida.

Tahadhari moja hapa, na ninaitilia mkazo. Usiwalipe wasemaji wazuri peke yao. Mezani huwa kuna mtu mkimya ambaye amechagua kuigiza mjumbe mwenye ulimi wa asali kwa sababu katika maisha yake ya kila siku haongei hivyo. Mhusika wake ana nyongeza kubwa ya ushawishi. Ameilipia kwa kuacha nguvu au wepesi. Usimdai hotuba. Muulize mambo mawili: unataka mlinzi afanye nini, na unamgusa wapi? Akijibu, "Nataka atupitishe, nitamkumbushia mwanawe," hilo lina uzito uleule wa maneno matamu ya mwenzake. Kinacholipwa ni wazo lililo ndani ya hadithi. Sauti ni pambo tu.

Hatua ya 5: Namba ikishatoka, itii

Waendesha mchezo wengi wazuri hubadilisha matokeo kwa siri nyuma ya kiambaza cha karatasi, na hufanya hivyo kwa upendo: mhusika asife, adui mkubwa asianguke mapema. Mimi napinga. Ukirusha hali umeshaamua jibu, hukurusha. Na wachezaji hujua. Hawajui ni mara ipi, ila hunusa, na siku wakishinda kwa jasho watajiuliza kama walishinda kweli.

Kama hauko tayari kwa jibu mojawapo, usiombe dadu. Hiyo ndiyo maana ya maswali matatu.

Kuhusu kifo, soma sheria vizuri kabla ya kufikiria kuivunja, kwa maana mara nyingi ina mlango ambao hukuuona. Mhusika akifika alama 0 za uhai hafi papo hapo kwa kawaida. Kila zamu yake inapofika anarusha dadu ya pande 20: 10 au zaidi ni nafuu moja, chini ya hapo ni pigo moja, na 1 huhesabiwa mapigo mawili. Nafuu tatu zinamtuliza, mapigo matatu yanamuua, na akipata 20 anarudi na alama 1 ya uhai. Hebu fikiria meza nzima ikiwa kimya wakati rafiki yao ana mapigo mawili na nafuu mbili. Hakuna hotuba utakayoiandika itakayofikia hapo, na ni sheria tupu iliyoleta hilo.

Tena sheria hiyohiyo inaruhusu anayeshambulia kwa karibu, akimwangusha mtu, aamue kumzimisha fahamu badala ya kumuua. Wanyang'anyi wanaotaka fidia watafanya nini? Watamteka. Sasa kushindwa kumezaa mateka, madai, safari ya ukombozi. Hukudanganya namba yoyote; umeuliza tu adui anataka nini.

Hatua ya 6: Kukosa kusifunge barabara

Kosa la kawaida katika hadithi za uchunguzi ni kuficha dokezo la lazima nyuma ya dadu. Wote wanakosa, na hadithi imekwama. Mtunzi wa michezo Robin Laws alilitatua moja kwa moja katika mfumo wa sheria wa GUMSHOE, ulioanza na mchezo wa The Esoterrorists: mchunguzi mwenye ujuzi unaofaa, akiwa mahali panapofaa, hupata dokezo la msingi bila dadu. Ugumu unahamia kwenye kulielewa na kuamua la kufanya. Chukua kanuni hiyo uitumie katika mchezo wowote. Barua iliyo kwenye droo wanaipata. Dadu iamue kama wameipata bila kuacha alama.

Apocalypse World nayo inafundisha jambo la kati. Unarusha dadu mbili za kawaida za pande sita na kujumlisha: 10 au zaidi umefaulu, 7 hadi 9 umefaulu kwa gharama au kwa kuchagua, 6 au chini mwendesha mchezo analeta matata. Bila nyongeza yoyote, uwezekano ni michanganyiko 6 kati ya 36 kwa ufanisi kamili, 15 kwa ule wa gharama, na 15 kwa kukosa. Ukiwa na nyongeza ya 1 inakuwa 10, 16 na 10. Ona kwamba mhusika mwenye nyongeza hiyo huangukia mara nyingi zaidi katikati, pale pa "ndiyo, lakini". Mchezo umepangwa hivyo makusudi, kwa sababu "ndiyo, lakini" huzaa tukio linalofuata.

Kwenye dadu ya pande 20 unaweza kuazima wazo hili kwa urahisi. Mtu akikosa kwa 1 au 2, mpe anachotaka pamoja na gharama: kufuli limefunguka ila kifaa kimevunjikia ndani. Kitabu cha mwendesha mchezo cha 2014 kinalitaja jambo hili kama la hiari. Liweke kwenye makubaliano ya mwanzo, usilizushe katikati.

Hatua ya 7: Heshimu sheria ambazo ni mali ya mchezaji

Umeandaa bonde refu lenye kuta za mawe, na unategemea kikao kizima kiwe cha kulipanda. Mchawi amefika ngazi ya tano na amechagua uchawi wa kuruka angani kama ndege. Anasema, "Naruka, nafunga kamba upande wa pili." Ulimi wako unataka kusema kuna upepo wa ajabu unaozuia uchawi.

Usiseme. Kila uchawi aliouchagua ni mwingine aliouacha, na kitabu kilimwahidi kitu. Ukimpokonya kwa ajili ya hadithi yako, umemfundisha kwamba kuchagua hakuna maana. Mwache aruke, na mwache ang'ae.

Halafu isome sheria mpaka mwisho. Uchawi huo hudumu hadi dakika kumi na unahitaji umakini: umakini ukikatika, uchawi nao unakatika. Mchawi akijeruhiwa, lazima arushe dadu kuulinda umakini wake, kwa ugumu wa 10 au nusu ya jeraha, ipi iliyo kubwa. Kama ulishaamua tangu mwanzo kwamba ng'ambo ya bonde kuna mpiga upinde, sasa una tukio la kutisha kuliko kupanda mawe, na kila mtu ataona ni haki. Kama hukumweka, usimzushe sasa hivi ili kumwadhibu. Bonde limevukwa. Nendeni mbele.

Hatua ya 8: Ubishi ukizuka, kata shauri kwa dakika moja

Msikilize anayepinga kwa sentensi mbili tatu, amua, andika uamuzi kwenye daftari, endelea. Kitabu kitafunguliwa mchezo ukiisha. Ukiwa na shaka, elemea upande wa mchezaji, isipokuwa maisha ya mhusika wa mtu mwingine yako hatarini; hapo simameni msome.

Swali la nani aamue, jedwali au mtu, ni kongwe kuliko michezo hii. Mwaka 1824 ofisa wa Prussia, Georg von Reisswitz, alichapisha mchezo wa vita wa kufundishia maofisa, wenye ramani, dadu na majedwali ya hasara, pamoja na msuluhishi wa kuusimamia. Mwaka 1876 Julius von Verdy du Vernois, naye ofisa wa Prussia, akapendekeza majedwali yawekwe kando na msuluhishi aamue kwa uzoefu wake, maana yalikuwa yanachelewesha mno. Ilifaa pale msuluhishi alipokuwa mtu aliyeiona vita mwenyewe.

Kutokana na hilo natumia kipimo hiki: jambo ambalo watu wote mezani wanalijua kwa maisha yao, liamue kwa akili. Kamba iliyoloa huteleza, mtoto aliyeamshwa usiku hulia, mfanyabiashara aliyeibiwa hamwamini mgeni. Hakuna haja ya kutafuta ukurasa. Lakini hakuna kati yenu aliyewahi kupuliziwa moto na joka au kuruka kwa uchawi, na hapo kila mtu ana picha yake kichwani. Hayo mwachie kitabu, kwa sababu ndicho picha pekee mnayoshiriki nyote.

Hatua ya 9: Andaa hali, usiandae mwisho

Mwendesha mchezo aliyeandika mwisho lazima atapigana na dadu. Andika badala yake adui anataka nini, ana watu na mali gani, na atafanya nini asipozuiwa. Chora duara lenye vipande sita, kama inavyofanywa kwenye mchezo wa Blades in the Dark wa John Harper, na ujaze kipande kila wachezaji wanapochelewa au wanapokosa vibaya. Duara likijaa, meli ya silaha imeng'oa nanga. Liweke mezani walione. Kukosa dadu sasa kuna mahali pa kwenda hata pale unapokosa wazo la haraka.

Hatua ya 10: Mwisho wa kikao, uliza na ulitazame daftari

Waulize wachezaji ni dadu ipi ilikuwa na maana leo, na ipi ingeweza kuachwa. Majibu ya swali la pili yatakusaidia zaidi. Kisha fungua kitabu mkague zile hukumu za haraka ulizoandika. Ikiwa hukumu yako ilipishana na kitabu na meza imeipenda zaidi ya kitabu, iandikeni kuwa sheria yenu, na itumike kwa wote, wakiwemo maadui. Ikiwa kitabu kina njia bora, kikao kijacho mtafuata kitabu, na yaliyokwisha kutokea mezani yabaki kama yalivyo: aliyefungua kufuli amelifungua, aliyeanguka ameanguka.